Nzuri, Ila

Walezi wenzangu wa mabweni, hasa ninyi mlioanza kazi mwaka huu, mliponiaga pale ukumbini niliahidi maneno machache, nikazungumza mpaka sambusa zikapoa. Hata hivyo jambo lenyewe sikulisema. Sasa nina wiki tatu nyumbani Igogo, kiuno kimekuwa chepesi bila funguo, na nimeona niliandike. Vyeo nilivyopanda na barua nilizopewa viko kwenye faili langu, anayevitaka akaombe faili. Mimi nataka kuandika kuhusu salamu. Kazi yetu imesimama juu ya salamu, na mimi niliyejiona bingwa wa salamu ndiye niliyeiharibu.

Nilikuja chuoni kutoka Misungwi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na shati jeupe moja. Nilianza kama mtunza stoo wa magodoro. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye mpangilio: godoro halina hasira, halichelewi kurudi, na ulilolihesabu jana utalikuta leo. Kisha patroni wa bweni la wavulana akaugua, nikaitwa ofisini nikakabidhiwa funguo zake. Wakasema ni kwa wiki mbili tu. Wiki mbili hizo zimeisha mwaka huu.

Siku ya kwanza niliwakusanya wanafunzi uwanjani, nikawasomea sheria za bweni kwa sauti ya mgambo. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Mmoja akanyoosha mkono, akauliza maji ya bafuni yanafunguliwa wapi, maana yalikuwa yamefungwa tangu asubuhi. Sikujua. Tuliitafuta koki pamoja, mimi na vijana arobaini, tukaikuta nyuma ya jiko. Hapo ndipo sheria zangu zilipoanza kueleweka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Koku, matroni wa bweni la wasichana, Mhaya wa Bukoba, mwanamke mnene wa hatua za polepole. Kila siku saa moja asubuhi, kabla ya vipindi, alipita mlango kwa mlango. Hakuwa na rejista mkononi. Alitazama kamba za nguo, kwa kuwa mtu aliyevurugikiwa huacha kufua kabla hajaacha kula. Alitazama ndoo. Ndoo iliyokaa kavu siku tatu ilimsimamisha. Na alisalimia. Wiki yangu ya kwanza aliniambia nimfuate nitazame.

Tulifika kwenye mlango wa msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa anafunga kamba za viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, mama."

Mimi nikahamia mlango wa pili. Mama Koku hakuondoka. Alisimama palepale, mkono kwenye fremu ya mlango, kama mtu anayesubiri chenji.

"Enhe," akasema.

"Nzuri, mama, ila nimepigiwa simu jana. Baba amefariki."

Tulipotoka nje baada ya kumtafutia msichana yule ruhusa na mtu wa kumsindikiza stendi, Mama Koku aliniuliza, "Mabula, ulikuwa unakimbilia wapi? Mwenzako alikuwa hajamaliza kusalimia."

"Si amesema nzuri?"

"Nzuri ni adabu tu. Kila mtu anaanza nayo, hata mwenye msiba. Habari yenyewe inakuja na ila. Wewe usiondoke kabla ya ila."

Ninyi mnajua kwamba ndivyo tulivyo. Mtu nyumba imeungua, ukimsalimia atasema nzuri, kisha atakueleza habari ya moto. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumjibu mzee "mbaya". Nilikuwa nalijua hilo tangu nikiwa mdogo, lakini sikuwahi kuliona kama kifaa cha kazi mpaka Mama Koku aliponionyesha. Nililitumia kwa miaka mingi, na lilinisaidia kuliko funguo. Kwa "enhe" na kusubiri kidogo nilijua nani anaumwa, nani ameonewa, nani hajalala kwa hofu ya mtihani. Mama Koku alistaafu akarudi Bukoba. Mimi nikabaki nikipita asubuhi, sasa na magoti yanayolia.

Miaka michache iliyopita chuo kikaletewa mradi wa kuwasaidia wanafunzi kukabiliana na msongo wa mawazo kwa njia ya simu. Jina rasmi la programu lilikuwa refu, lilijaza kifua kizima cha fulana walizotugawia. Mwanafunzi aliiweka kwenye simu yake, kila asubuhi ikamuuliza hali yake, na ndani yake kulikuwa na mazoezi ya sauti ya kupumua, kutuliza mwili na kurudisha akili mahali ilipo. Aliyeisimamia alikuwa Madam Pendo, mshauri wetu mpya wa wanafunzi, binti mwenye shahada na miwani, anayeongea taratibu. Maneno yalikuja kwa Kiingereza, na yeye akapewa kazi ya kuyafanya yawe yetu.

Neno kubwa la programu lilitusumbua. Madam Pendo kwanza aliliandika "uwepo". Siku ya semina aliwaambia wanafunzi wafumbe macho, waingie kwenye uwepo. Vijana wa ushirika wa maombi wakadhani ni uwepo wa Mungu, wakaanza kunena kwa lugha. Wengine wakafungua macho kuangalia mlango uko wapi. Akasimamisha, akasema maana yake ni kuwepo tu, hapahapa, sasa hivi.

"Tusikilize miili yetu," akasema. "Anza na miguu. Miguu yako inasema nini?"

Kijana mmoja mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, miguu yangu haisemi. Labda ya Doto, yeye ndiye anatembea na ng'ombe."

Ukumbi ukacheka. Huyo alikuwa Kulwa, mwaka wa pili, diploma ya ugavi, chumba namba kumi na nne. Doto ni pacha wake. Kwao ni ng'ambo ya Busisi, vijijini Sengerema. Mapacha hawa walifaulu wote kidato cha nne, lakini baba yao alikuwa hayupo tena, na mama alihitaji mtu wa shamba na ng'ombe. Doto alisema yeye atabaki. Kulwa alilisema hilo kwa mzaha mara kwa mara, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Tukaachana na uwepo, tukaandika "kutulia". Hilo kila mtu alilielewa.

Ilipofika kurekodi sauti, Madam Pendo aliniomba mimi. Alisema wanafunzi wanaijua sauti yangu na wanaiheshimu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Tulirekodi ndani ya stoo ya magodoro, maana ndiyo iliyokuwa na utulivu, ukiondoa korongo waliokuwa wanatembea juu ya bati kama mafundi. Nikasoma: "Vuta pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Shikilia. Toa."

"Mzee Mabula," akasema Madam Pendo, "mbona unawahesabu kama unagawa magodoro?"

Tukarudia mara nyingi mpaka sauti ikalainika. Wiki ileile wanafunzi wakanipa jina la Mzee Pumzi, na programu nayo wakaiita hivyohivyo. Ungewasikia kwenye ngazi: "Umeshamjibu Mzee Pumzi leo?" Sikuchukia. Na niseme wazi, kwa kuwa kuna watu wa umri wangu wanaoyadharau mambo haya: mazoezi yale yanafaa. Nimewaona kwa macho yangu vijana wamekaa kwenye ngazi za ukumbi wa mtihani, vidole vyao vimeacha kutetemeka. Mimi mwenyewe nina presha, na daktari wangu ameona tofauti. Kosa halikuwa la simu. Lilikuwa langu, na lilifanyika kwenye stoo ileile mchana kweupe.

Bado lilikuwa limebaki swali la asubuhi. Madam Pendo alikuwa ameandika, "Unajisikiaje leo?"

"Hiyo ni lugha ya hospitali," nikamwambia. "Mtoto ataanza kujipapasa kutafuta ugonjwa."

"Sasa tuweke nini, mzee?"

"Tumsalimie. Sisi ni watu. Weka, 'Habari za leo?'"

Akatafakari. "Lakini mzee, salamu si ina jibu lake tayari? Na ikiwa kwa sauti yako, nani atakujibu mbaya?"

Lirudieni swali hilo. Binti alikuwa amefika palepale alipofika Mama Koku, tena kwa sentensi mbili. Nami nilifanya nini? Nilimwambia, "Pendo mwanangu, mimi nilikuwa nasalimia wanafunzi kabla wewe hujaanza darasa la kwanza."

"Sawa, mzee," akasema, akaandika.

Nimechelewa kujua kwamba "sawa, mzee" ni ndugu yake "nzuri". Mtu akikuambia hivyo, bado hajamaliza kusema.

Basi likawekwa swali langu, kwa sauti yangu, na chini yake vitufe vitatu: Nzuri, Wastani, Mbaya. Ofisi ikanipa tableti iliyoonyesha vyumba vyote vya bweni langu. Aliyebonyeza Nzuri chumba chake kilipata nukta ya kijani. Wastani ilikuwa njano, Mbaya nyekundu. Ikitokea nyekundu, mimi na Madam Pendo tulitakiwa kumfuata mwanafunzi siku hiyohiyo.

Wiki ya kwanza niliendelea kupita milango. Wiki ya pili magoti yakanishauri nikae. Baada ya mwezi nilikuwa nakunywa chai ofisini, tableti imeegemea birika, naangalia kijani kikijaa kama shamba la mpunga. Nilijisikia fahari. Nyekundu tulizipata tatu, zote za vijana waliotaka kujua itatokea nini wakibonyeza. Nikaandika ripoti kwamba hali ya bweni ni nzuri. Nilitumia neno hilohilo.

Muhula huo Kulwa alikuwa na sapu mbili, yaani mitihani ya marudio. Ukishindwa sapu unadisko, unafutwa masomo. Aliyekuwa anakaa naye chumbani alikwenda fildi kufanya mafunzo ya vitendo, hivyo Kulwa alikuwa peke yake. Matokeo yalibandikwa Ijumaa na namba yake haikuwemo kwenye waliofaulu. Ofisi ya taaluma ilikuwa na orodha yake, mimi nilikuwa na yangu, na orodha hizo hazikuwa zinasalimiana. Kwenye tableti yangu chumba kumi na nne kiliwaka kijani Jumamosi, kikawaka Jumapili, na kikaendelea kuwaka kila asubuhi.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, kijana alikuja ofisini kwangu akiwa na furushi la kitenge. Nilidhani ni Kulwa amepigwa na jua. Kisha nikaona viganja vyake, vyenye sugu za jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni Doto."

"Ndiyo. Mama amenituma. Nimeleta michembe." Akaliweka furushi mezani, nikasikia vile viazi vikavu vikigongana ndani. "Kulwa hapokei simu. Mama ameota vibaya, akasema nenda ukamwone kwa macho."

Nikacheka. Naandika hili ili mlione: nilicheka. "Mwambie mama alale," nikasema. "Kulwa yupo, mzima kabisa. Tazama." Nikamgeuzia tableti. "Chumba kumi na nne. Amejibu leo asubuhi. Nzuri."

Doto akaitazama ile nukta ya kijani kwa heshima. "Basi nimwone kidogo nimpe michembe, niwahi feri."

Tukapanda. Nikagonga. Kimya. Nikatafuta ufunguo wa akiba, ule wenye kibati kilichochongwa namba, nikafungua. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa kamba, kwa ustadi, kama nilivyowafundisha wanafunzi wanaohama. Kwenye beseni kulikuwa na vumbi. Ndoo ilikuwa kavu, na ndani yake buibui alikuwa ameshatandika. Kwa ndoo ile tu Mama Koku angekuwa amesimama siku ya tatu. Hii ilikuwa siku ya tisa.

Doto alikaa kwenye vyuma vya kitanda. Aliuliza taratibu tu, "Baba, sasa huyu anayejibu nzuri ni nani?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakubwa katika kazi hii. Hakuna lililowahi kunivua nguo kama hilo.

Nikampigia Madam Pendo. Alifika bado amevaa nguo za kanisani. Akatuma taarifa kwa mkuu wa chuo na polisi, akampigia yule wa fildi, akapiga simu ya Kulwa mara nane. Iliita, haikupokelewa. Hakunikumbusha mazungumzo ya stoo, wala hajawahi kunikumbusha mpaka leo. Aliivuta tableti, akaangalia saa za majibu.

"Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi," akasema. "Hapokei simu ya mtu yeyote, lakini hii anaifungua. Anasikia salamu yako na anaijibu. Mzee, huo ndio mlango tulio nao."

"Tufanyeje?"

"Ninaweza kumwongezea sauti moja yeye peke yake. Akibonyeza Nzuri, aisikie. Useme nini?"

Nikashika simu, nikakohoa, nikaanza: "Kulwa, hapa ni patroni. Unaombwa urudi bwenini mara moja, ndugu yako amefika na familia yako ina—"

"Mzee, hayo ni matangazo ya msikitini na kanisani," akanikata. Ilikuwa mara ya kwanza kunikata neno.

Doto alikuwa anaokota uzi kwenye kitenge. "Nyumbani yeye huwa hivyohivyo," akasema. "Ukimuuliza atasema nzuri. Akishindwa, nzuri. Akiumwa, nzuri. Mimi humwambia tu, 'Enhe, ila?' Halafu nakaa kimya. Ndipo anaanza."

Nilibaki nimeshika simu. Kijana wa kidato cha nne, mchunga ng'ombe, alikuwa ananirudishia kifaa changu nilichokitupa. Madam Pendo akabonyeza kitufe cha kurekodi, akanitazama. Nikasema maneno mawili tu: "Enhe. Ila?"

Doto alilala kwangu. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa ofisini sote watatu, hakuna aliyegusa chai. Saa kumi na mbili na nusu ikafika, ikapita. Vyumba vingine vilianza kuwaka kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza kijani kilinichefua. Ilipofika saa moja kasoro kumi Madam Pendo alisimama kuwapigia tena polisi, na Doto akasema, "Hiyo."

Chumba kumi na nne. Nzuri.

Hapo sauti yangu ilikuwa inamuuliza, popote alipokuwa. Chini ya skrini Madam Pendo alikuwa ameacha nafasi tupu ya kuandika. Tukasubiri. Sijui tulisubiri dakika ngapi. Doto alikuwa anapumua kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na hata hajawahi kufundishwa. Kisha maandishi yakatokea:

"Ila nipo Kigongo. Siwezi kuvuka."

Tulichukua pikapu ya chuo mpaka Kigongo, upande huu wa kivuko cha Busisi. Wakati huo daraja lilikuwa bado nguzo tu majini, watu walivuka kwa feri. Tulimkuta amekaa juu ya tofali karibu na wauza mayai ya kuchemsha, ana begi dogo, midomo imebabuka. Siku tisa alikuwa anaamka kwa mama mmoja wa mgahawa aliyempa kazi ya kuosha vyombo, anakwenda kusimama kwenye foleni ya feri, na ikifika zamu yake anatoka pembeni. Ng'ambo kulikuwa na mama na Doto waliobaki ili yeye asome. Nyuma kulikuwa na chuo kilichomfuta. Kila asubuhi simu ikalia, mzee akamsalimia, naye akajibu kama alivyolelewa. Baadaye aliniambia alichokuwa anafikiri alipokuwa akiyatazama yale maji. Alinieleza mimi, sitakiandika hapa. Nitasema tu kwamba mama yake hakuota bure.

Doto alimfikia kwanza. Alimtazama juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema. "Sasa watu watasema mimi ndiye niliyekuwa chuo."

Kulwa akajaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. Doto akafungua furushi, akampa kipande cha mchembe, wakatafuna wote wawili wamekaa kwenye tofali moja, mabega yamegusana. Mtihani haukutajwa. Mimi nilisubiri kando mpaka Kulwa akainua uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri."

Sikuondoka. Nilikaa chini, mchangani, magoti yakalia. Alipoona nimekaa, akaanza kusema, na alisema mpaka feri mbili zikaondoka. Alipomaliza ikawa zamu yangu. Nilimwambia, "Nilikosea. Ndugu yako alikuja kukuuliza, nikamwambia upo. Nilikuwa na ndoo ya kutazama, nikatazama taa. Nisamehe." Wazee wa kwetu hatuna mazoea ya kuwaomba radhi vijana. Neno lilitoka na kutu. Akasema, "Sawa, mzee." Nami nikamwambia hapana, usiniambie sawa, mzee. Akafikiri. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uulize tena. Kila siku." Hilo ndilo alilokuwa nalo moyoni, na nililistahili.

Siku hiyo tulivuka nao. Mama yao alikuwa amesimama ng'ambo. Hakuuliza habari za chuo. Alimshika Kulwa masikio yote mawili, kama mtu anayehakikisha sufuria ina mikono yake.

Kulwa hakurudi kusoma. Madam Pendo alimtafutia mtaalamu hospitalini, akawa anakwenda kila wiki kwa miezi kadhaa, na Doto alikuwa anamsindikiza. Leo ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi Sengerema. Namwambia tumekuwa watu wa kazi moja, ila saruji inaharibika na magodoro hayaharibiki.

Programu tuliirekebisha wiki ileile. Madam Pendo aliniuliza kama tuondoe salamu, na safari hii nilimuuliza yeye anaonaje, nikanyamaza mpaka akamaliza. Akasema salamu ibaki, watu wanaipenda, lakini isiishie pale. Ndiyo maana mnaona hadi leo, ukibonyeza Nzuri unaisikia sauti yangu ikisema "Enhe. Ila?" na unapata nafasi ya kuandika. Vile vitufe viwili vingine tukavitoa, vilikuwa vinapata vumbi. Na tableti ikaondolewa mezani. Sharti nililoomba mimi ni hili: mlezi anaisoma akiwa amesimama koridoni.

Zile ila zitawachosha, niwaambie mapema. Ila sina sabuni. Ila mwenzangu anakoroma. Ila ugali wa jana. Ila wewe mzee unasoma kama unagombana na mtu. Ila nimemkumbuka bibi. Zisomeni zote, mpaka ile ya sabuni, kwa sababu yule wa sabuni anapima kama mnasoma. Wiki ya tatu ataandika ile yenyewe. Na asiyeandika kitu, nendeni mkatazame ndoo.

Kuna jambo moja siwezi kulirekebisha. Kabla ya Doto kuja, muhula mzima wa kijani ulipita mbele yangu. Wako vijana waliokunja magodoro wakaondoka kimyakimya muhula ule, nami nikaandika "amehama". Nimejaribu kuwatafuta. Wengine nimewapata, wako salama. Wengine namba zao zimebadilika. Sijui walikuwa wanabeba nini waliponijibu nzuri, na sauti iliyowauliza mara moja ikaenda zake ilikuwa yangu. Msiniambie sikujua. Nilifundishwa siku ya tano ya kazi, mlangoni, na mwanamke aliyesimama bila haraka.

Jumamosi iliyopita Kulwa alinipigia, kama afanyavyo. Nilikuwa uani, namwagilia mchicha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za Sengerema?"

"Nzuri."

"Enhe, ila?"

Akacheka. "Leo hakuna ila, mzee. Kweli tupu. Doto anaoa." Tukaongea ya harusi, ng'ombe wangapi, nani atavaa suti ya nani kwa kuwa kipimo ni kimoja. Nikadhani tunaagana, akauliza, "Na wewe, mzee? Habari za kustaafu?"

"Nzuri," nikasema.

Hakukata simu. Nilisikia lori likipita kule kwake, na watu wakihesabu mabati. Alikuwa anasubiri.

Nikaweka ndoo chini, nikavuta kigoda, nikakaa.